Tupeane uzoefu: Krismasi ya kwanza baada ya msiba, faraja uliipata wapi?

Mleta mada
Wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo. Hii ni Krismasi yangu ya kwanza bila mama. Juzi nilifungua Biblia yake, nikakuta miwani yake imebaki katikati, penye Luka 2, mkono mmoja umefungwa kwa uzi mweusi. Nikaifunga haraka. Kila ninayekutana naye ananiambia nifurahi, Mwokozi amezaliwa. Naamini amezaliwa, ila furaha haiji. Mliopita njia hii, ni nini kiliwashika mkono? Mahubiri nimeyasikia, nisimulieni yaliyowapata.

Mchangiaji wa 2
Milele na milele, amina. Pole sana ndugu yangu. Mimi ni muuguzi. Mume wangu alifariki mwezi Novemba, na Krismasi ile niliomba mwenyewe nipangiwe usiku ili nisiwe nyumbani. Saa sita usiku mgonjwa mmoja, mzee asiyeona vizuri, akaniomba nimsomee habari za kuzaliwa kwa Bwana. Nikasoma ilimradi nimalize, mpaka nikafika kwa wachungaji waliokuwa makondeni, wakilinda kundi lao "kwa zamu usiku". Kwa zamu! Mstari ule naujua tangu utotoni, lakini neno hilo sikuwahi kuliona. Malaika aliwafuata kazini, gizani, na uchovu wao. Nililia pale pale kando ya kitanda, mzee amenishika kiganja wala haniulizi kitu. Uchungu haukuisha usiku ule, siwezi kukudanganya. Lakini nilijua Mungu ananiona.

Mchangiaji wa 3
Nilikaa benchi la nyuma, sikuimba hata ubeti mmoja. Niliwaacha wenzangu waniimbie. Mwaka uliofuata niliimba ubeti wa kwanza, nikaishia hapo.

Mchangiaji wa 4
Nilizika mtoto wa siku 9, wiki moja kabla ya Krismasi. Mtumishi mmoja akaniambia machozi yangu ni upungufu wa imani. Neno lile lilinikaa kooni miaka miwili.

Kilichonifungua ni Mathayo 2. Tumezoea kusoma mamajusi, dhahabu, uvumba na manemane, kisha tunafunga kitabu. Endelea hadi mstari wa 18. Herode ameua watoto wa Bethlehemu, na hapo yupo Raheli anawalilia wanawe, hataki kufarijiwa. Yumo ndani ya habari ya Krismasi yenyewe, na Mathayo hamkemei! Kanisa Katoliki na makanisa mengine kadhaa huwakumbuka Watoto Mashahidi tarehe 28 Desemba, siku 3 tu baada ya Krismasi. Siku hiyo nimeifanya yangu. Nawasha mshumaa, nataja jina la mwanangu kwa sauti, basi.

Mathayo aliyatoa maneno hayo kwa Yeremia 31:15. Ukishuka hadi mstari wa 17, Mungu anamwambia Raheli kwamba liko tumaini. Mimi nilichelewa sana kuufikia mstari huo. Wenye msiba mbichi msikimbizwe na mtu.

Mchangiaji wa 5
Mwanangu, mimi ni mjane mzee, nakuletea Ana binti Fanueli, Luka 2:36. Alikaa na mumewe miaka 7 tu, kisha ujane hadi uzeeni, Luka anataja miaka 84. Katika umri huo ndipo akamwona Mtoto hekaluni. Usijiwekee tarehe ya kupona.

Mleta mada
Asanteni, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Leo asubuhi nimeifungua tena Biblia ya mama, nikaivaa ile miwani. Haipatani na macho yangu, herufi zinaelea, lakini nimekwenda nayo hivyo hivyo tangu mstari wa kwanza hadi wachungaji waliporudi wakimtukuza Mungu. Nimeirudisha pale pale alipoiacha.

Dada muuguzi, mwaka huu tena uko kazini?

Mchangiaji wa 2
Niko, zamu ya usiku. Ikifika saa sita nitakutaja wewe na mama.