Re: Tundu kwenye gegedu la goti – asaini kutobolewa mfupa?

Kutoka: Ngamiani, sasa Birmingham

Shikamooni wakubwa, na wenzangu salaam. Kijana wetu wa Makorora aliye huku Uingereza, miaka 29, kipimo cha MRI kimeonyesha tundu kwenye gegedu (ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa) la goti la kulia, sehemu inayobeba uzito, sentimita 3 za mraba. Hajawahi kupasuliwa. Ameambiwa watamtoboa mfupa chini ya tundu ili damu ipande na kuziba. Asaini? Na mama yake hapo Tanga, magoti yamesagika, amesikia kuna kupandikizwa seli za gegedu, anauliza kama yeye anaweza.

Kutoka: Chumbageni, sasa Manchester (maabara ya seli)

Marahaba. Asisaini bado. Kwanza aombe rufaa kwenye hospitali inayopandikiza seli za gegedu, yaani seli zake mwenyewe zinakuzwa maabara na kurudishwa kwenye tundu, asikie na upande huo.

Sababu ni masharti ya NICE, chombo kinachoamua NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, igharamie tiba zipi. Tangu Oktoba 2017 kimekubali upandikizaji huu iwapo tundu limezidi sentimita 2 za mraba, goti halijasagika ila kidogo sana, na gegedu lenyewe halijawahi kufanyiwa upasuaji wa kulirekebisha. Kutoboa mfupa ni kurekebisha. Akishatobolewa, sharti la tatu limemponyoka. Tena mfupa uliotobolewa hukakamaa, na kipandikizi kinachowekwa juu yake baadaye hushindwa mara nyingi zaidi.

Simaanishi kutoboa ni kubaya. Kwa tundu dogo kunatosha. Ila kinachoota pale ni kovu lenye kolajeni (protini ya nyuzinyuzi) ya aina ya 1, wakati gegedu halisi lina aina ya 2, na kwa tundu kubwa nafuu hupungua baada ya miaka michache.

Kazi yenyewe ya kupandikiza seli ina upasuaji mara mbili. Wa kwanza ni wa kamera: wanakata kipande cha miligramu 200 hadi 300 kwenye ukingo usiobeba uzito. Maabara inakiyeyusha kwa kimeng'enya ili seli zitoke, kisha zinakuzwa wiki kadhaa kwa nyuzijoto 37 na kabonidioksaidi asilimia 5. Hapa ndipo penye ugumu. Seli ya gegedu ikikaa muda mrefu juu ya plastiki hujitandaza, huacha kazi yake na kuanza kutoa kolajeni ya aina ya 1, kwa hiyo haiwezekani kuzizidisha bila kikomo. Pia kundi zima linaweza kukataliwa kwa kuingiwa na vijidudu au kwa seli kuwa chache. Asiombe likizo kazini wala kukata tiketi ya mtu wa kuja kumuuguza mpaka maabara ithibitishe kwamba seli ziko tayari.

Kwa njia ya MACI seli hupandwa juu ya utando wa kolajeni, zisizopungua 500,000 kwa kila sentimita ya mraba. Katika upasuaji wa pili daktari husafisha tundu mpaka kuta zake zisimame wima kwenye gegedu zima, huchonga utando kwa kipimo cha tundu, huulaza upande wa seli ukiangalia mfupa na kuushika kwa gundi ya fibrini, protini inayogandisha damu. Kisha hulikunja na kulinyoosha goti kuona kama unabaki mahali pake. Mfupa haupaswi kutoka damu, maana damu ya uboho huleta seli nyingine na kovu lile lile.

Kinachoharibu zaidi ni goti lenye hitilafu nyingine: matege, ligamenti (kano inayofunga mifupa) iliyokatika, au meniski (kile kitakia kati ya mifupa ya goti) iliyokwisha kutolewa. Aombe eksirei ya mguu mzima akiwa amesimama, kuanzia nyonga hadi kifundo. Mguu ukiwa umepinda, unyooshwe kwanza au siku hiyo hiyo. Bila hivyo uzito wote unaangukia kipandikizi kichanga.

Kutoka: Msambweni, sasa Leicester (mfamasia)

Nyongeza moja muhimu kwetu: utando wa MACI unatokana na nguruwe. Amwulize sheikh wake mapema, asingoje siku ya kusaini. Ipo njia nyingine, Spherox: vitufe vidogo vya seli zake mwenyewe, havina utando, na hukuzwa kwa maji ya damu yake. NICE iliikubali 2018 kwa masharti yale yale. Aulize hospitali hiyo inatumia njia ipi. Aulize pia sindano za kuzuia damu kuganda, kwa kuwa heparini hutoka kwenye utumbo wa nguruwe; fondaparinaksi hutengenezwa kiwandani bila mnyama. Akiwa na mzio wa jentamisini, dawa ya kuua bakteria, aseme, MACI haimfai.

Kutoka: Raskazone, sasa Hamburg (fiziotherapia)

Upasuaji ni nusu ya kazi. Kwa tundu la sehemu hiyo, wiki 6 hadi 8 anatembea kwa magongo, anaongeza uzito kidogo kidogo kwa kadiri atakavyopangiwa. Goti likunjwe na kunyooshwa kila siku bila kubeba uzito, kwani mwendo ndio unaolisha seli. Gegedu halina mshipa wa damu. Asiyelikunja, goti hukakamaa. Anayelikanyaga mapema, kipandikizi hubanduka. Mpira ni baada ya mwaka au mwaka na nusu, hata kama maumivu yameisha mapema. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu.

Aswali kwenye kiti mpaka aruhusiwe kupiga goti. Safari ya Tanga isubiri mpaka daktari wake aseme: ndege ya masaa mengi ni hatari ya damu kuganda, halafu kuna basi la kilomita kama 350 kutoka Dar goti likiwa limekunjwa, na choo cha kuchuchumaa mwisho wa safari.

Kuhusu mama yake, hapana. Goti lililosagika halina ukingo mzima wa kushika kipandikizi, na uvimbe wa ndani huzila seli mpya. Tafadhali msimtumie pesa za sindano za “seli shina”. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha hata moja kwa goti lililosagika. Aanzie Bombo, hospitali ya mkoa hapo Tanga. Apunguze uzito, afanye zoezi la kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na bakora aishike mkono wa upande wa goti lisilouma. Maumivu yakimnyima usingizi hata hivyo, aombe rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wanabadilisha magoti pale.