Naomba ushauri: tupimeje ushindani wa ujenzi wa vyombo vya majini nchini?

Habari za wakati huu wakuu. Nipo Bagamoyo, natunza hesabu za kikundi cha mafundi wa mashua. Tunaandaa hoja kwamba Tanzania inaweza kushindana kwenye ujenzi wa vyombo vya majini, ila nimekwama kwenye kipimo.

China, Korea Kusini na Japan zinajenga zaidi ya asilimia 90 ya meli za dunia kwa tani. Chuma, injini na mikopo ya muda mrefu wanavyo kwao. Kujipima nao kwa bei ya tani naona ni kujidhulumu tu. Hapa fundi anachonga mataruma (mbavu za chombo) kwa tezo, anapiga kalafati (anaziba nafasi kati ya mbao) mpaka maji hayapiti, kazi safi kabisa! Lakini injini inaagizwa nje, na mteja akichelewesha malipo, mkuku (uti wa chini wa chombo) unabaki juani miezi.

Je, tuangalie muda wa kukabidhi chombo, au sehemu ya gharama inayobaki nchini? Au tujilinganishe na boti za faiba zinazoagizwa? Injini je, tuiweke pembeni? Aliyewahi kufanya kazi kwenye yadi za Mwanza, wanakounda vivuko, naomba anieleze wanavyotenganisha gharama za ufundi na za vifaa.