Ziara ya kutembezwa kwa miguu: Lamu, Mji wa Kale Mombasa, ama tubaki tu hapa Kisumu?

NyarSeme
Habari zenu wadau. Tuko na kachama ketu hapa Kisumu, tumeweka pesa tangu Januari, na mwaka huu wamama wamekataa kabisa mambo ya kwenda Naivasha kula nyama na kurudi. Wanataka kutembezwa kwa miguu ndani ya mji wa zamani, na mtu anayejua kueleza dini za watu wa hapo, misikiti, mahekalu, mizimu, mila, hayo yote. Swali langu ni moja tu, Lamu ama Mji wa Kale Mombasa? Kuna mmoja wetu anasema twende Kit Mikayi, lile jiwe kubwa la kwetu Seme, na hiyo pesa igawanywe lakini hiyo mimi naipitia kila nikienda nyumbani. Aliyefika kote kuwili aniambie.

Jamaa_wa_Kondele
Umeuliza kama mtu anayeuliza bei ya samaki bila kusema ni mbuta ama ngege. Mko wangapi? Mnaenda mwezi gani? Kila mtu ametoa ngapi? Kuna wazee?

BintiMkomani
Lamu, hata usifikirie. Mimi nimezaliwa huko nikaolewa Kakamega kwa hivyo mtaniambia napendelea kwetu, sawa napendelea. Lakini Lamu ule mji bado watu wanaishi ndani yake vile walivyoishi, si mahali pa kuonyeshwa tu. UNESCO waliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2001. Gari hakuna kwa zile njia, ni punda na miguu, na ukisikia "hodi hodi" nyuma yako jibane ukutani maana punda amebeba mawe na hana breki. Kiongozi mzuri atakupeleka Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, akueleze vile huyu mtu alitoka Ngazija akaanza kusomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wasomeshwe. Hapo ndipo Maulidi ya Lamu yalikotoka. Mkiweza mwende mwisho wa mwezi wa Kiislamu wa Mfungo Sita mtakuta goma la fimbo, mashindano ya punda na ya majahazi, na ile ziara ya kaburini kwake, mji wote umejaa.

Mwana_Kibokoni
Dada Binti heshima yako, lakini umesahau kumwambia vile wanafika huko. Kisumu mpaka Nairobi usiku mzima, Nairobi mpaka Mombasa, halafu Malindi, Garsen, Mokowe, ndio mpande boti. Wamama wakifika wanatafuta kitanda si msikiti. Mombasa ukitoka Fort Jesus tu umeingia Mji wa Kale, hatua mia moja. Mtaa wa Ndia Kuu, msikiti wa Mandhry ule wa 1570 na mnara wake uliochongoka, msikiti wa Basheikh, unarudi unakunywa kahawa chungu na halua barazani. Na kama mnataka dini za watu, Mombasa ziko zote, panda tuktuk uone hekalu la Swaminarayan pale Haile Selassie, kanisa la Holy Ghost liko hapo tu karibu. Lamu ni dini moja.

BintiMkomani
Dini moja lakini wameishika. Nyie kahawa mnawapikia watalii.

Mwana_Kibokoni
😂😂 haya mama tumeshindwa.

Kaka_wa_58
Niko Nakuru na nataka kuwaonya kuhusu kitu moja, si mji, ni mtu. Mwaka juzi tulienda Mombasa familia nzima, mke wangu, mama mkwe, watoto wawili. Tulimpata gaidi pale karibu na lango la ngome ya Fort Jesus, kijana msafi, ametupa salamu za heshima, akasema yeye ni wa serikali na kadi ameacha nyumbani. Mimi na akili zangu nikakubali. Ndani ya ngome akatuambia imejengwa na Waarabu kuzuia Wareno wasiingie. Mtoto wangu wa darasa la sita akasema hapana, mwalimu alisema ni Wareno ndio waliijenga, 1593. Kijana akacheka akasema vitabu vya shule vinadanganya. Tukatoka tukaingia mitaani, njia ya kwanza duka la vinyago, njia ya pili duka la viatu vya ngozi, ya tatu duka la viungo ambalo mwenyewe anamuita "binamu". Nikiuliza huu msikiti ni gani ananiambia huo ni wa zamani sana. Na ule? Huo pia ni wa zamani sana. Sasa ilikuwa Ijumaa, hakutuambia kitu, tukajikuta tumesimama mbele ya mlango wa msikiti saa saba na mama mkwe kichwa wazi, mimi nimeshika simu napiga picha, na watu ndio wanatoka kuswali wote kwa pamoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyetutusi, lakini yale macho! Kuna bibi mmoja alikuwa anakaanga viazi karai hapo kando, akainuka akamfunika mama mkwe na leso yake bila kusema neno, leso imeandikwa WEMA HAUOZI, akatuvuta kando akatuketisha kwa benchi lake. Geuka tumtafute kijana, hayuko. Akatokea tena tukishakula viazi, anadai elfu sita. Yule bibi kwa nusu saa alituambia mambo mengi kuliko yeye asubuhi yote, ni nani amezikwa wapi, kwa nini milango mingine ina miiba ya shaba, mambo ya Maulidi, na alikataa pesa isipokuwa ya viazi.

Mwalimu_Maseno
Pole sana ndugu. Ila kidogo tu kuhusu lugha, gaidi ni mtu wa bunduki na mabomu. Anayekutembeza anaitwa kiongozi, ama mwongoza watalii.

Kaka_wa_58
Elfu sita mwalimu. Usinisahihishe, alikuwa gaidi.

Jamaa_wa_Kondele
😂😂😂 nimeanguka kwa kiti

Mwana_Kibokoni
Hao tunawajua na wanatuharibia jina. Ukifika uliza kadi, na mtu akisema ameiacha nyumbani mwambie aende aichukue mtamngojea. Na mkubaliane bei mbele, saa ngapi, na maduka mangapi, mwambie kabisa hatuingii duka. Tiketi ya ngome yenyewe siku hizi unalipia kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hivyo mtu akitaka umpe ya ngome mkononi jua hapo kuna kitu.

NyarSeme
Jamani samahani nilikuwa kazini. Tuko kumi na moja. Desemba, baada ya shule kufungwa. Elfu ishirini na tano kila mtu, nauli ndani. Na ndiyo, kuna wazee, mamangu yuko na miaka 71 na goti moja haliko sawa, ngazi zinamsumbua.

Jamaa_wa_Kondele
AHAA. Sasa hiyo ndiyo ungeandika kwanza. Goti!!

BintiMkomani
Mama mwenye goti Lamu atapata shida kidogo, njia zingine zimeinuka na mawe yanateleza. Lakini anaweza kukaa baraza ya mbele baharini mkizunguka. Ama apande punda.

NyarSeme
Mamangu juu ya punda. Dada humjui mamangu.

Ustadhi_Kaloleni
Assalaam aleikum. Naona watu wanataja "mizimu" na "mila" kwa pumzi moja na misikiti. Nashauri mchague mnaenda kuona nini. Msikiti si makumbusho, uliza kama wanawake wanaruhusiwa kuingia, vueni viatu, jifunikeni, epukeni saa za swala na hasa Ijumaa. Hayo mengine ya kuomba mawe kama Kit Mikayi ni kitu kingine kabisa.

NyarSeme
Ustadhi kwa heshima, hakuna anayeomba jiwe. Mimi ni mtu wa Seme. Watu wanaomba Mungu wakiwa kwa jiwe. Ukiingia ile pango saa kumi na moja asubuhi utakuta waumini wa kanisa la Legio Maria na kanzu zao, mishumaa imebandikwa kwa mwamba mpaka nta imetengeneza ngazi, mtu mwingine ako siku ya tatu hajala. Nyanya yangu alikuwa anatuambia mvua ikikataa wazee walikuwa wanaenda hapo. Na jina lenyewe si la mizimu, ni la yule mzee Ngeso wa hadithi aliyependa kushinda kwa lile jiwe mpaka mke wake akiulizwa mume ako wapi anasema ameenda kwa jiwe la mikayi, yaani la mke wa kwanza.

Ustadhi_Kaloleni
Nimekuelewa dada yangu. Hata kwetu Pwani kuna mnara wa Mbaraki watu walikuwa wakipeleka marashi na udi kwa ajili ya pepo, sisemi ni nyinyi peke yenu. Nasema tu kila kitu kipewe jina lake.

Mwana_Kibokoni
Mbaraki umenikumbusha, mkija Mombasa muongeze siku moja muende Kaya Kinondo kule Diani, ile ni msitu wa Wadigo, iko kwa zile kaya za Wamijikenda UNESCO waliandika 2008. Unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, hutoi hata jani, na anayekutembeza ni mtu wa kijiji hicho hicho. Ni tambarare, goti halitasumbuka sana. Hiyo ndiyo mila yenyewe.

Jamaa_wa_Kondele
Lakini mimi bado sijaelewa kwa nini mtu atoke Kisumu na elfu ishirini na tano kwenda kuona hekalu na msikiti. Hapa ziko! Anza stesheni ya zamani, reli ilifika hapa Desemba 1901 ikaitwa Port Florence, ingia Oginga Odinga Street, mahekalu ya Wahindi, msikiti wa Jamia pale Otieno Oyoo, malizia ufuoni na samaki. Saa tatu tu, miguu tu.

Mwalimu_Maseno
Wazo zuri, shida ni nani atawaeleza. Njia ziko, majengo yako, msimulizi ndiye anakosekana. Nilipeleka wanafunzi wangu siku moja ikabidi niwe msimulizi mwenyewe na nusu ya mambo nilikuwa nakisia.

Jamaa_wa_Kondele
Kwa hivyo mwalimu na wewe ni gaidi.

Mwalimu_Maseno
😂 Nimekubali. Lakini sikuwadai elfu sita.

OmwanaWaShibale
Nyote mmesahau Mumias. Kabla Kisumu iwe na duka hata moja, misafara ya Waswahili ilikuwa inalala kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ikienda Buganda. Uislamu huku magharibi mnadhani ulitoka wapi? Huyo mzee alikufa 1949 na mji bado unaadhini. Kituo cha Utamaduni cha Nabongo kiko upande wa Matungu. Mnaenda asubuhi mnarudi jioni, na pesa inabaki.

Kaka_wa_58
Mumias si ni miwa tu?

OmwanaWaShibale
Na Nakuru si ni flamingo tu?

BintiMkomani
Jamani dada aliuliza Lamu ama Mombasa.

Jamaa_wa_Kondele
Na mkiamua Mombasa msilale kwa basi siku mbili mfululizo na huyo mama. Pumzikeni Nairobi, halafu treni ya SGR.

Mwana_Kibokoni
SGR inawashusha Miritini, bado mtafute gari ya kuingia mjini, na Desemba tiketi zinaisha mapema. Basi linakuacha mjini kabisa.

Jamaa_wa_Kondele
Basi la Desemba, watu wanakaa hadi kwa ndoo. Treni mguu unanyooshwa.

Mwana_Kibokoni
Basi gani hilo lina ndoo? Panda basi nzuri.

NyarSeme
Sasa sikilizeni. Nimemsomea mama huu uzi wote akiwa anachambua omena. Lamu amekataa kwa sababu ya boti, hapendi maji anasema hata ziwa anaangalia tu. Mombasa amesema sijui. Lakini nilipofika Mumias aliinua kichwa, kumbe babake alikuwa anauza ng'ombe huko na anataka kujua kama ule msikiti aliokuwa anausikia akiwa mtoto bado upo. Wenzangu wa chama nao wamegawanyika, wengine Mombasa, wengine Lamu, na mmoja bado ni yule wa kugawana pesa.

Mwalimu_Maseno
Mama ana kura ngapi?

NyarSeme
Mama ndiye mweka hazina.

OmwanaWaShibale
😂😂😂 imeisha hiyo

Mwana_Kibokoni
Haijaisha, si mwende Mumias Jumamosi moja halafu Mombasa Desemba.

Kaka_wa_58
Mkifika Mombasa mkimuona bibi wa viazi karai mwenye leso ya WEMA HAUOZI mwambieni watu wa Nakuru wanamsalimia. Mama mkwe alienda na leso yake kwa bahati mbaya, iko hapa kwa kabati.

NyarSeme
Nitumie niipeleke basi. Na OmwanaWaShibale, magari ya Mumias hapa Kisumu unapandia wapi, ama ni lazima kubadilisha Kakamega?