Msaada: mizani inaruka namba kila nikiwasha mashine ya kusaga

MamaSembe_Charambe
Habari za jioni wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Nina mashine ya kusaga na kukoboa huku Mbagala Charambe, mwaka wa sita sasa. Mota ya kusagia ni ya kilowati 15, umeme wa fezi tatu. Zamani nikiiwasha taa za nyumba nzima zilikuwa zinafifia na mkanda unapiga yowe. Mwezi uliopita fundi akanifungia inveta ili mota ianze taratibu. Kweli inaanza taratibu, hapo sina neno.

Shida imezuka kwingine. Nina mizani ya kidijitali ya kilo 100 ambayo napimia viroba. Mashine ikiwa imezimwa inasoma 0.00 na kutulia. Nikiwasha tu, namba zinaanza kucheza: 0.15, -0.10, 0.35. Jana kiroba cha kilo 25 nilichokipima alfajiri kimesoma 24.70, mara 25.40, na mimi nimesimama palepale. Kamera ya mlangoni inatoa mistari inayopanda kwenye skrini. Mzee wa nyumba ya pili, ambaye husikiliza habari kwenye masafa mafupi, amekuja na redio yake mkononi kunisikilizisha inavyokoroma.

Mizani ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kinachoniuma ni mteja. Mama ntilie anakuja na pesa yake ya kuhesabu, siwezi kumpunja gramu mia tatu halafu nikalala usingizi. Kwa sasa nazima mashine kila nikipima, na foleni inafika barabarani. Nifanyeje?

JuaKali_77
Mizani imekufa hiyo. Nunua nyingine.

MamaSembe_Charambe
Nimeazima ya duka la jirani kaka, nayo imefanya vilevile. Nilipoirudisha dukani kwake ikatulia.

FundiBuguruni
Pole sana mama. Hapo umeshajijibu nusu: mizani ni nzima, inapigiwa kelele. Tunaita mwingiliano wa sumakuumeme, yaani kifaa kimoja kinamwaga umeme usiotakiwa na kingine kinaudaka.

Inveta inachukua umeme wa TANESCO wa volti 400, inaugeuza kuwa wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) wa kama volti 560, halafu inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili kuendesha mota. Kila mkato ni mshtuko mkali wa ghafla. Waya unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye mota unageuka kuwa antena, na mshtuko ule unabeba masafa mengi hadi yale ya redio. Ndiyo maana mzee wako analalamika.

Sasa tazama upande wa mizani. Kile chuma kinachopima ndani yake kwa kawaida kinatoa kama milivolti 2 kwa kila volti 1 unayokilisha. Ukikilisha volti 5, kilo 100 nzima ni milivolti 10 tu. Gramu 50 ni mikrovolti 5. Mtu ananong'ona, na pembeni yake volti 560 zinapiga makofi. Lazima asisikike.

Naomba unijibu: waya wa mota umepita wapi, na waya wa mizani umepita wapi?

MamaSembe_Charambe
Zote zimepita kwenye trankingi moja nyeupe ukutani (ule mfereji wa plastiki wa kufichia waya), pamoja na waya wa kamera. Kama mita 8 hivi. Fundi alisema inapendeza.

FundiBuguruni
Mama, hapo ndipo penyewe.

DjSpika_Temeke
Mimi nilikuwa na mvumo kwenye spika za ukumbi. Nilikata waya wa ethi (ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini) kwenye plagi, mvumo ukaisha siku hiyohiyo. Mama jaribu kwenye mizani na kwenye inveta, haigharimu kitu.

FundiBuguruni
Ndugu yangu, nakuomba kwa heshima urudi leo hii ukaunge huo waya. Na mama, USIFANYE hivyo. Mvumo unaweza kuisha kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma hakuna njia ya umeme kutoka ila mwili wa mtu atakayeshika. Kwenye inveta ni hatari zaidi, kwa sababu filta yake, yaani kichujio cha kelele, inapeleka umeme kidogo kwenye ethi muda wote, ndivyo ilivyoundwa. Ukikata ethi, bodi nzima inaweza kubaki na umeme. Kwenye mashine za kusaga watu wanafanya kazi na kandambili, sakafu imemwagiwa maji ya kukobolea. Nimeshuhudia kijana akirushwa na mashine ambayo ethi yake ilikatwa ili "itulie". Alipona, ila mkono wake haujarudi sawa.

Ethi mbovu unaitengeneza, huikati.

Kipimo_Ohm
Nakubaliana na Fundi mia kwa mia. Naongeza la udongo: Mbagala ni mchanga, na kiangazi mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo moja ya shaba ya ethi iliyopigwa juujuu inakuwa pambo. Ipelekwe chini hadi kwenye unyevu, na ikibidi zipigwe mbili au tatu zikiwa mbalimbali na kuunganishwa. Fundi aje na kipimo cha ethi, asipime kwa macho.

Binti_wa_Umeme
Shikamoo mama. Kabla hujatoa hela, fanya jaribio hili. Tafuta redio ndogo ya betri, weka AM mahali pasipo na kituo, washa mashine, tembea nayo taratibu kufuata ukuta. Pale inapokoroma zaidi ndipo kelele inapotokea. Usiguse waya wowote, tembea nayo tu.

MamaSembe_Charambe
Marahaba mwanangu. Nimefanya asubuhi hii na ile redio ya mzee, na mzee mwenyewe ndiye aliyeishika! Karibu na inveta inakoroma. Kwenye trankingi inakoroma kuliko hata kwenye inveta, mpaka kwenye mota. Tukienda hatua nne pembeni inapungua kabisa. Mzee amefurahi, anasema sasa ameamini kwamba redio yake ni nzima.

FundiBuguruni
Safi sana, mwambie nampa salamu. Basi dawa ianzie kwenye waya wa mota, kwa mpangilio huu.

Kwanza tenganisha njia. Waya wa mizani na wa kamera utoke kwenye trankingi ile, ukae angalau sentimita 30 mbali na wa mota. Pakiwa na ulazima wa kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Hili peke yake mara nyingi linamaliza nusu ya ugonjwa na gharama yake ni trankingi mpya tu.

Pili, waya wa mota ubadilishwe uwekwe kebo yenye wavu wa shaba kuizunguka, na iwe fupi kadiri inavyowezekana. Hapa mafundi wengi wanakosea, kwa hiyo simama umtazame. Ule wavu lazima ubanwe mzunguko mzima kwenye chuma cha inveta na kwenye chuma cha mota, pande zote mbili. Akiusokota ukawa kamkia kembamba halafu akaufunga kwenye skrubu moja, umelipia kebo ya bei na kelele inapita palepale. Masafa ya juu hayapendi kamkia.

Tatu, mwambie aangalie mpangilio wa kasi ya kukata umeme ndani ya inveta. Ikiwa imewekwa kHz 12, yaani mikato 12,000 kwa sekunde, ashushe hadi 4. Mota itaimba kidogo, usiogope.

Nne, inveta nyingi zina skrubu ndogo inayounganisha filta ya ndani na ethi. Kuna wanaoitoa kwa sababu inaangusha swichi ya kinga. Aangalie kama ipo.

Na azime umeme, asubiri muda ulioandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi dakika 5 hadi 15, kabla ya kufungua. Ndani umeme unabaki.

Binti_wa_Umeme
Kwenye waya wa mizani ongeza pete ya feraiti, ile nyeusi kama donati, Kariakoo zipo. Pitisha waya ndani mara tatu au nne, usipitishe mara moja tu. Nguvu yake inaongezeka kwa mraba wa mizunguko: mitatu ni karibu mara tisa ya mmoja. Ila mizani usiifungue, muhuri utaharibika na itabidi ipimwe upya.

Mnunuzi_Kkoo
Kwa wanaotaka kununua inveta: muulize muuzaji daraja lake kwenye kiwango cha kimataifa cha kelele za inveta, IEC 61800-3. C1 na C2 ndizo zinazofaa palipo na nyumba za watu, C3 ni ya viwandani. Huyu mama jirani zake wamebanana naye ukuta kwa ukuta.

MamaSembe_Charambe
Wadau, nimerudi baada ya siku tisa. Fundi mwingine amekuja, nikamsomea maneno yenu kutoka kwenye simu. Skrubu ya filta ilikuwa imetolewa, tumeikuta kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za maelekezo. Ethi ilikuwa fimbo moja fupi, sasa ziko tatu. Njia zimetenganishwa. Kebo ya wavu imefungwa, na kamkia nilikataa, akafungua akarudia.

Jana nimepima kiroba kilekile mashine ikinguruma: 25.00, mara chache 25.05, kisha inarudi. Nimeweka pete ya feraiti leo mchana na hiyo 05 sijaiona tena. Kamera ni safi. Kwa mzee bado kuna mkoromo kidogo kwenye masafa mamoja, usiku tu.

FundiBuguruni
Hongera mama. Huo wa usiku, muulize mzee kama unakuja hata ukiwa umefunga mashine.

MamaSembe_Charambe
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema ndiyo, unakuja, na ameukuta unatoka kwenye taa ya LED ya barazani kwake. Ameizima, redio imetulia. Anataka kujua anunue taa gani.