Nimeombwa niwe mlezi wa Girl Guides (skauti wa kike) shuleni, nianzie wapi?

Mwl_Moro
Wadau, habari za jioni. Mwalimu mkuu ameniomba nianzishe kundi la Girl Guides hapa shule ya msingi. Wasichana 26 wameshajiandikisha, darasa la nne hadi la sita. Sijapata mafunzo yoyote ya ulezi. Nafasi iliyopo ni saa moja na nusu kila Ijumaa baada ya vipindi. Mafunzo yanapatikana vipi, na siku ya kwanza nifanye nao nini? Bajeti hakuna, nasema mapema.

MamaKikosi
Hongera, mwalimu. Kabla ya kuwakusanya watoto, mtafute kamishna wa Girl Guides wa wilaya au mkoa. Muulize taratibu za kuandikisha kundi, ada, na mafunzo ya viongozi yajayo ni lini. Mwombe pia akuunganishe na kundi la jirani ukakae kama mtazamaji mara mbili tatu. Ukifika huko usihangaike kuandika michezo. Angalia nani anaongea. Mlezi akiongea kuliko wasichana, hilo si kundi la kujifunzia.

Halafu barua kwa wazazi: siku, saa ya kumaliza, mtoto anarudi na nani, mzio au dawa anazotumia, namba mbili za simu. Ruhusa ya kupigwa picha iwe na sahihi yake peke yake.

Sasa kiini cha kazi: vikosi. Kwa 26, gawa vinne, viwili vya watoto 6 na viwili vya 7. Wachanganye madarasa. Kikosi kikizidi 8, wawili watatu wataanza kukaa pembeni na hutawaona. Kila kikosi kijichagulie kiongozi na msaidizi, kwa kura. Hapa ndipo walimu tunapoharibu: tunamteua kiranja au anayeongoza mitihani, na baada ya wiki chache Ijumaa inakuwa kipindi cha tisa. Mwache achaguliwe hata yule mtundu. Viongozi wanne kutana nao Alhamisi, dakika 15 tu, wao ndio wapange Ijumaa itakuwaje. Mpango wao ukiwa mbovu kidogo lakini si wa hatari, uache ufanyike. Ijumaa inayofuata wataurekebisha wenyewe.

Dakika zako 90: kumi za kufungua kwa nusu duara na mahudhurio (kiongozi wa kikosi ndiye anayetaja waliokosa na sababu), kumi mchezo wa kukimbia maana wametoka kukaa darasani, 15 vikosi kwenye kona zao, 40 shughuli, 15 usafi na kufunga. Ukichelewa, punguza shughuli. Usiguse muda wa vikosi.

Ahadi, yaani kiapo cha kujiunga, isiharakishwe. Watu hupenda kuwaapisha wote tarehe 22 Februari kwa kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa ya mwanzilishi wa skauti, Baden-Powell, na mkewe Olave, inapendeza kwenye picha. Mtoto aahidi akiwa anaweza kueleza kwa maneno yake vidole vitatu vya saluti vinasimamia nini. Asiyekuwa tayari asisukumwe.

NyotaYaPwani
Nyongeza kutoka Mombasa. Usidai sare muhula wa kwanza, utabaki na watoto wa wenye uwezo peke yao.

Kwa shughuli isiyo na bajeti, washonee... hapana, washone wao sodo za kitambaa. Flana kuukuu nje, taulo kuukuu tabaka tatu au nne ndani, urefu kama sentimita 24, mbawa mbili na kifungo. Mfuko wa plastiki usiwekwe ndani, unashika jasho na kuchubua. Mshono wa mkono mdogomdogo unatosha, ila sindano zihesabiwe kabla na baada. Wafundishe kulowesha kwa maji baridi kwanza, maji ya moto hugandisha doa. Kisha sabuni, kisha jua. Wengi huona haya na kuanika chini ya kitanda, kitambaa kinabaki na unyevu, kinanuka na kuleta muwasho. Dawa yake ni kuanika juani na kufunika kwa kanga nyepesi.

Mwl_Moro
Asanteni sana. Na binti akinijia na jambo zito la nyumbani, akaniomba nisimwambie mtu?

AfisaUstawi_Dom
Mwalimu, usiahidi siri. Mwambie mapema: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia." Sikiliza, usihoji kama polisi, wala usimwekee maneno mdomoni. Akimaliza, andika kama alivyosema, tarehe, saa, sahihi yako. Usimwite mtuhumiwa wala usiitishe kikao cha ukoo. Kesi nyingi hufia kwenye kikao hicho. Siku hiyohiyo toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure.

Ikiwa ni ubakaji, hospitali haraka. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Asioge kwanza, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. PF3, fomu ya matibabu ya aliyedhuriwa, hutolewa polisi, lakini matibabu yasingoje karatasi.

Na wewe jilinde: muwe watu wazima wawili kila mara, mmoja awe mwanamke. Mazungumzo ya faragha yafanyikie mahali mnapoonekana ila hamsikiki. Ujumbe wa simu upitie kwa mzazi.

MamaKikosi
Nimesahau pesa. Hata michango ya shilingi mia mia iwe na daftari, na saini mbili: yako na ya mtunza hazina waliyemchagua wao. Kila mwisho wa mwezi asome hesabu mbele ya nusu duara.