Toleo la tano au sheria za 1981: meza yetu ihamie wapi?

MwengeSita (Nairobi)
Wakuu, habari za jioni. Meza yetu ina watu watano, na tumecheza Dungeons & Dragons toleo la tano, lile la 2014, kwa miaka mitatu: mchezo ambao kila mtu anaigiza mhusika wake kwa maneno na dadu, na mwendesha mchezo anasimulia yanayowakuta. Mwendesha mchezo ni mimi, na nimechoka na kitu kimoja.

Juzi niliwaingiza kwenye chumba chenye sanamu ya jiwe iliyoachama. Nilikuwa nimeifikiria wiki nzima: meno yaliyochakaa upande mmoja, vumbi kila mahali isipokuwa kwenye ulimi. Mchezaji akatazama karatasi ya mhusika wake, yenye orodha ya ujuzi, akasema, "Natumia Uchunguzi." Akarusha dadu, ikatoka 17, akanyamaza akisubiri nimwambie siri. Nikamwambia. Chumba kikaisha kwa sekunde ishirini.

Nimesoma kitabu cha Basic cha 1981, cha mchezo huohuo, kile cha Tom Moldvay chenye kurasa 64. Hakina Uchunguzi wala Ushawishi wa kurushia dadu. Nimevutiwa sana, ila wenzangu wawili wanaogopa wahusika wao kufa ovyo. Waliocheza kote kuwili, naomba mnilinganishie.

Kete_Nne (Dar es Salaam)
Mkuu, mimi naendesha sheria za 1981 mwaka wa pili sasa. Watu husema uzuri wake ni ufupi. Kwangu uzuri ni saa na mwenge.

Mle mapangoni wahusika wanamozunguka muda unahesabiwa kwa zamu za dakika 10, na mwenge unawaka zamu 6. Kila baada ya zamu mbili unarusha dadu ya pande sita, na ikitoka 1 kuna kitu kinakuja gizani. Kwa hiyo mchezaji akitaka kupekua sanamu yako, anajua anateketeza mwenge. Anaanza kukuuliza maswali yenye maana, kwa sababu kila swali refu lina gharama.

La pili ni pointi za uzoefu, zile zinazompandisha mhusika ngazi. Sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa salama nje ni pointi moja. Goblini mmoja, yaani zimwi dogo, ukimwua anakupa 5 tu. Nani atapigana bila sababu? Kisha kuna dadu mbili za kupima mapokezi: zimwi ukikutana nalo si lazima likurukie. Siku moja zilitoka 9 tulipokutana na goblini sita, maana yake hawashambulii, wanaweza kusikiliza neno. Wachezaji wangu wakawapa nyama kavu, wakaelekezwa njia ya nyuma. Kikao kizima upanga haukutoka alani, na bado wanakisimulia mpaka leo.

Bibi_wa_Ramani (Mombasa)
Nawaheshimu, lakini hili la kwamba sheria chache ndizo zinazofikirisha silikubali. Mimi nimekulia kwenye bao. Kuna bao la kujifunza, halafu kuna bao la Kiswahili lenye namua, mtaji, nyumba na kichwa. Hakuna mzee wa barazani atakayekwambia zile kanuni nyingi zinamzuia kufikiri. Anafikiri kwa kutumia zile kanuni.

Toleo la tano limenipa vitu ninavyovipenda kwa dhati. Ukiwa na nafasi nzuri unarusha dadu mbili za pande 20, unachukua kubwa. Mtoto anaelewa papo hapo. Linganisha na 1981, ambako ukivaa deraya bora namba yako ya kinga inashuka: bila kinga ni 9, na kadiri unavyokingwa ndivyo unavyoelekea chini. Kila mgeni niliyemfundisha alikwama hapo.

Na kifo. Mchawi wa 1981 anaanza na pointi za uhai za dadu ya pande nne na uganga mmoja kwa siku. Zikifika sifuri amekufa. Toleo la tano linamwangusha, kisha anarusha dadu za kupigania roho yake, na wenzake wana nafasi ya kumwahi. Binti wa dada yangu ana miaka 13. Kama mhusika wake wa kwanza angekufa nusu saa baada ya kuzaliwa, asingerudi mezani kwangu.

MwengeSita mwanangu, kitabu cha 2014 hakisemi mchezaji atangaze Uchunguzi. Mchezaji anaeleza anachofanya, na wewe ndiye unayeamua kama dadu irushwe. Kutangaza ujuzi ni desturi ya meza yenu tu.

Kete_Nne
Hilo la desturi ni kweli, dada, na nimelinyamazia. Ila karatasi ikiwa na orodha ya ujuzi 18, jicho la mchezaji litakwenda kule kila akikwama. Desturi inapigana na karatasi kila wiki.

Namba za deraya zina dawa: Old-School Essentials ya Gavin Norman ni sheria zilezile za 1981 zilizopangwa upya, nayo inakuruhusu kuhesabu kwenda juu. Basic Fantasy, mchezo mwingine wa mtindo huohuo wa zamani, inahesabu kwenda juu tangu mwanzo, na faili lake ni la bure. Mimi nililichapisha kwenye duka la steshenari.

Msafiri_wa_Nyota (Toronto)
Mbona mnachagua kati ya ndugu wawili tu? Traveller ya 1977, mchezo wa safari za angani, inataka dadu za pande sita peke yake, zile za ludo. Sisi tulianza nayo kwa sababu hiyo. Call of Cthulhu ya 1981, mchezo wa hadithi za kutisha, inatumia asilimia: ujuzi wako ni 45, rusha 45 au chini, umefaulu. Hakuna wa kueleweshwa mara mbili. Lakini niseme ukweli, ugonjwa wa sanamu utaukuta huko pia, maana kuna ujuzi wa kuona vilivyofichwa na watu huurushia dadu vilevile.

MwengeSita
Nimerudi na matokeo. Jumamosi nilifanya alivyosema Bibi: toleo lilelile la tano, ila karatasi zikalazwa kifudifudi. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa ngumu, watu wanatazamana. Kisha yule aliyerusha 17 siku ile akauliza, "Ulimi una vumbi?" Nilitamani kumkumbatia. Akaingiza upinde mdomoni badala ya mkono, mdomo ukafunga, upinde ukavunjika vipande viwili. Meza nzima ilisimama.

Baadaye vita vilipoanza, karatasi zikageuzwa, na hazikulazwa tena hadi mwisho wa usiku.

Kwa hiyo tunahamia 1981 kwa Jumamosi nne, tukitumia faili la Basic Fantasy. Kwa ajili ya wale wawili nimeongeza kanuni moja: ukifika sifuri, mwenzako ana raundi moja ya kukufikia. Kete_Nne, ile hesabu yako ya zamu na mienge unaiandika wapi, kwenye daftari au unaweka punje mezani?

Kete_Nne
Punje za mahindi, sita kwa kila mwenge. Mpe mchezaji mmoja kazi ya kuziondoa, wote wazione zikipungua.