Tupeane uzoefu: macho yanaona neno lipo, grep inasema halipo

Kijana wa Seva: Wakuu, jana nimepoteza saa 3 nzima. Natafuta kwenye logi (kumbukumbu za seva) mistari inayoishia na IMEKATALIWA, kwa grep, amri ya kutafuta maneno: `grep 'IMEKATALIWA$'`, kimya. Nikitoa alama ya dola, inayomaanisha mwisho wa mstari, mistari inamwagika. Kupiga `cat -A`, inayoonyesha herufi zilizofichika, kila mstari unaishia na `^M$`. Faili limetoka Windows, na hiyo `^M` ni CR, herufi isiyoonekana ambayo Windows huweka mwisho wa mstari. Nani mwingine yamemkuta?

Mtu wa Pwani: Mimi hapa. Skripti inagoma, `/bin/bash^M: bad interpreter`, na bash ipo. Nusura nifute seva nianze upya.

Mama Zuu: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa ofisi ya mitihani, chuo sikitaji. Mhasibu kabandika kwenye Notepad namba za waliolipa ada, akanitumia. Nikapiga `grep -vxFf waliolipa.txt wote.txt` nipate wadaiwa, yaani waliomo kwenye wote.txt ila hawamo kwenye waliolipa.txt, nikachapisha, nikabandika mlangoni alfajiri. Saa 2 ukumbi mtupu, nje watu wamefurika, risiti mikononi. Binti mmoja mjamzito kakaa chini ukutani analia, risiti ya benki kaikunja na kuikunjua mpaka imechanika katikati.

Orodha yangu ilimfanya kila mtu mdaiwa, isipokuwa kijana mmoja. Watu wakaanza kusema kahonga. Kumbe namba yake ndiyo ya mwisho kwenye faili, na baada yake mhasibu hakubonyeza Enter. Nyingine zote zilikuwa na CR mkiani, na `-x` inataka mstari mzima ulingane. Yake tu ilikuwa safi. Mtihani ulianza saa 5. Kijana nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Kijana wa Seva: Dah. Pole sana dada.

Mbishi Halali: Kosa la grep hilo. Ingejua CRLF, yaani CR kisha LF za Windows, ni mwisho wa mstari, watu wasingelia. ripgrep, chombo kingine cha kutafuta, mbona ina `--crlf`?

Fundi Mkongwe: Haijakosea. Kwenye Unix mstari unakatwa na LF, herufi namba 10. CR ni namba 13, herufi kama nyingine. Unataka chombo kianze kukisia ulichomaanisha?

Mbishi Halali: Mbona GNU grep ikiwa Windows inaiondoa yenyewe, mpaka uizuie kwa `-U`?

Fundi Mkongwe: Ndiyo maana amri inakubali kwenye kompyuta yako, ikifika seva inakataa. Umenipa hoja mwenyewe.

Mtu wa Pwani: Jamani, binti alifanya mtihani?

Dogo wa Git: Pigeni `dos2unix`, inayoondoa hizo CR, yaishe.

Kijana wa Seva: Seva yetu haina. Natumia `tr -d '\r'`.

Fundi Mkongwe: Usiandike `tr -d '\r' < a > a`! Shell inalifuta faili kabla tr haijasoma chochote. Andika kwenye faili jipya.

Dogo wa Git: Basi `sed -i 's/\r$//'`, inagusa za mwishoni tu.

Mama Zuu: Logi usiiguse, ni ushahidi. Safisha nakala. Mimi sasa faili la mtu yeyote naanza na amri ya `file`, ikisema CRLF nasafisha kwanza.

Na yule binti, mtu wa Pwani, alifanya. Nilimtafutia kiti karibu na dirisha, nikakaa naye mpaka mikono ikaacha kutetemeka.